Mvua Katika Maungio

Katika nchi ya chai ya Kenya, ile ianziayo kwenye miinuko ya Mau na kuteremka kupitia Londiani, Kedowa na Chepseon hata ikafika Kericho na kuvuka kuingia Bomet, mvua si tukio la kungojewa na kusimuliwa, bali ni desturi ya siku; kwa kuwa hewa yenye unyevu itokayo upande wa Ziwa Viktoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya milima hii, ikainuliwa, ikapoa, ikawa mawingu, na aghalabu baada ya adhuhuri ikarudi chini kuwa maji, na mara kwa mara kuwa mawe ya barafu, hata sehemu hii ikahesabiwa miongoni mwa mahali duniani panapopigwa mno na mvua ya mawe. Kipimo cha mwaka mjini Kericho hukaribia milimita 2,000, nacho hakikurundikwa katika masika peke yake, bali kimegawanyika takriban katika kila mwezi. Na mgawanyo huo ndio uliozivuta kampuni za Brooke Bond na James Finlay, katika miaka ya 1920, kuja kupanda chai katika nchi ambayo Wakipsigis na watu wa ukoo wa Talai waliondolewa kwa nguvu, dhulma ambayo mpaka leo inadaiwa. Jani la chai huyashukuru maji hayo. Shaba haiyashukuru.

Chepseon ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho na Kisumu, katika kimo kizidicho mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka kwenye lami hiyo njia za udongo hutawanyika kuelekea mashamba ya chai, ya viazi, ya kabichi na ya mahindi, na kwenye nyumba zenye ng'ombe wa maziwa. Tangu serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2008, pikipiki ambazo injini zao hazifiki sentimita za ujazo 250, chombo hiki kimekuwa katika njia hizo gari la mizigo, la shule, la soko na la mgonjwa, wala sijui mahali pa vijijini ambapo riziki ya nyumba nyingi hivyo imetegemezwa juu ya magurudumu mawili. Na kazi yake huanza katika saa ambayo unyevu umeshika enzi. Mitungi ya maziwa hutaka kupelekwa alfajiri, wakati joto limeshuka karibu na nyuzi 10 na ukungu umelala juu ya majani. Na abiria wa jioni hutaka kurudishwa kwao baada ya mvua ya alasiri, wakati njia ni tope na kila shimo ni dimbwi. Kwa hiyo saa mbili za chumo kubwa la bodaboda ndizo saa mbili za hatari kubwa kwa waya zake.

Basi hutokea hivi. Pikipiki iliyofanya kazi jana kutwa, ikalazwa usiku chini ya paa la bati lisilo na kuta, huamshwa alfajiri nayo ikakataa. Mwenyewe hupiga kiki, akapumzika, akapiga tena. Injini hukohoa mara moja, ikanyamaza. Maziwa yakachelewa, na mteja akatafuta mtu mwingine. Saa tatu jua huupenya ukungu, na bila ya mkono wa mtu kuitengeneza, pikipiki ile ile huwaka kwa kiki ya kwanza. Adhuhuri mwenyewe humfikia fundi na kumweleza msiba wake. Fundi hupiga kiki, injini ikaitika. Huchomoa plagi, cheche ikaonekana ya samawati na yenye nguvu. Na wote wawili hubaki wakikitazama chombo kizima kilichoshtakiwa ugonjwa.

Nimelitafakari sana jambo hili, na imani yangu ni kwamba kosa la unyevu ni la jinsi ya peke yake miongoni mwa makosa ya mitambo, wala haifai kulikabili kwa akili ile ile inayoukabili mnyororo uliokatika. Mnyororo uliokatika hukaa pale ulipokatika ukingoja kuonekana. Kosa la unyevu lina saa yake na lina hali ya hewa yake, na makao yake aghalabu hayako ndani ya kifaa chochote, yako katika maungio ambapo kifaa kimoja hushikana na kingine. Kwa hiyo mwenye kulitafuta hana budi kwanza kuijua siku ya Chepseon jinsi inavyopambazuka na kuchwa, kisha kuijua pikipiki, na mwisho kabisa ndipo afikirie duka la spea. Mafundi wengi, nao si wavivu wala si wadanganyifu, huufuata mpango huu kinyumenyume, na hasara ya kinyume hicho humwangukia mtu ambaye hana cha kuilipia.

Husemwa kwamba maji na umeme havipatani, lakini hakika ya jambo ni nyembamba kuliko msemo huo. Maji matupu, yasiyochanganyika na kitu, huupitisha umeme kwa shida kubwa. Yaupitishayo kwa wepesi ni maji yaliyoyeyusha chumvi, na pikipiki ya nchi ya chai haikosi chumvi. Kuna vumbi la murami na tope la njia, kuna jasho la mikono katika swichi za usukani, kuna mvuke wa tindikali utokao katika betri, na zaidi ya hayo yote kuna mbolea. Kwa maana pikipiki hizi ndizo zibebazo magunia ya NPK 26:5:5, mbolea ya wakulima wadogo wa chai, na unga wake hupenya katika mishono ya gunia ukaingia chini ya kiti, mahali ambapo betri, fyuzi na mafundo ya waya hukaa. Unga huo huuvuta unyevu wa hewa hata siku ambayo mvua haikunyesha, na chumvi za amonia zilizomo huila shaba kwa ukali. Fundi afunguaye soketi na kukuta imejaa kutu ya kijani hana haja ya kuuliza ni mzigo gani uliokuwa ukipakiwa.

Tena maji hayangoji kumwagwa ndipo yaingie. Waya wa pikipiki umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na baina ya nyuzi hizo mna nafasi finyu ambamo maji hujipandisha yenyewe chini ya gamba la plastiki, hata waya unaoonekana mzima kwa nje ukawa umegeuka mweusi ndani kwa urefu wa kidole au kupita. Kadhalika, injini iliyopata moto katika mlima wa Kedowa ikipigwa ghafla na mvua baridi, hewa iliyomo katika vifuniko vyake hunywea, na katika kunywea huko huvuta ndani hewa nyingine yenye unyevu kupitia kila upenyo inaoupata. Usiku hewa hiyo hupoa, na unyevu wake hugeuka matone juu ya vitu ambavyo havikuguswa na mvua hata kidogo. Ndiyo sababu mtu huapa kwa haki kwamba aliifunika pikipiki yake vizuri, na asubuhi bado ikamkataa.

Sasa na tuifuate safari ya cheche, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hufanya madhara yake makubwa. Katika pikipiki nyingi za namna hii, umeme uliozaliwa na magineti, au uliotolewa na betri, hukusanywa na kisanduku kiitwacho sidiai (CDI) kwa volti mia kadhaa, kisha ukaachiliwa kwa mpigo mmoja kuingia katika koili, na koili huuzidisha hata ukapita volti 10,000, ili uweze kuruka uwazi wa plagi ambao haufiki milimita 1. Jambo ambalo watu hawalizingatii ni kwamba nguvu hiyo haizaliwi ikiwa kamili. Hupanda, na katika kupanda kwake hutafuta njia iliyo rahisi. Kama njia iliyo rahisi ni uwazi wa plagi, injini huwaka. Lakini kama kofia ya plagi ina utando wa maji yenye tope, au kama ina ufa mwembamba usioonekana kwa macho, umeme huanza kuvuja kando ya kaure ya plagi kwenda katika chuma cha injini kabla haujapata kimo cha kuruka, na plagi huachwa bila kitu. Na uvujaji ukijirudia njia ile ile, huichoma na kuacha mstari mwembamba wa kaa, ambao huupitisha umeme hata baada ya maji kukauka. Basi kosa lililokuwa la asubuhi hugeuka kuwa la siku nzima, na watu wakastaajabu kwa nini ugonjwa umezidi ilhali mvua imekatika.

Hapa ndipo ile cheche ya samawati ya adhuhuri humpotosha fundi. Plagi iliyochomolewa na kulazwa juu ya silinda hurusha cheche yake katika hewa ya wazi, na hewa ya wazi ni laini. Bali ndani ya silinda, wakati pistoni imepanda, hewa na petroli vimeshindiliwa, na uwazi ule ule wa plagi hudai volti nyingi zaidi ili urukwe. Koili inayovuja kidogo huweza kutimiza dai la nje na kushindwa na dai la ndani. Cheche ya nje, kwa hiyo, ni hujja dhaifu. Yathibitisha kuwa umeme upo, haithibitishi kuwa unatosha. Nalo jaribio hilo hufanywa saa sita, baada ya jua na joto la injini kufuta kila dalili, nami huona kwamba anayelifanya saa hiyo na kutoa hukumu ni kama kadhi asikilizaye shauri baada ya mashahidi kurudi kwao.

Nilipata kumwona fundi mmoja wa makamo, mwenye banda la mabati lililofungamana na duka la vyakula vya ng'ombe, akikataa kutoa hukumu ya namna hiyo. Kijana alimletea pikipiki yake ikinguruma vizuri, akataka iangaliwe upesi arudi stejini. Mzee akamwambia aiache mpaka kesho.

"Mzee, si inawaka? Mbona niiache?"

"Inawaka sasa, kijana wangu. Mimi nataka kuiona ikikataa."

Jioni, giza lilipoingia, alizima taa ya banda, akachukua chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, akainyunyizia injini iliyokuwa ikinguruma polepole, kwanza koili, kisha waya mnene, kisha kofia ya plagi. Na palipofikia kofia, vijimwanga vya samawati vilionekana vikitambaa juu yake na kushuka kwenye silinda, injini ikapwaya, ikazimika. Hakununua sidiai. Hakugusa magineti. Alikata kipande kifupi cha mwisho wa waya ule mnene mpaka akaifikia shaba yenye kung'aa, akatia kofia nyingine, akakisafisha kwa sindano kitundu kilichoko ubavuni mwa kisima cha plagi, ambacho watengenezaji wa injini nyingi hukiacha ili maji yatoke, na ambacho katika njia zetu huzibwa na tope hata kisima kikawa birika. Na kazi ikawa imekwisha. Sijapata kuona kazi ya ufundi iliyonijaza heshima zaidi ya ile, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa kungoja.

Kabla hajafika hapo, hata hivyo, alikuwa amekwisha kuuliza swali ambalo mafundi wenye haraka hulisahau, nalo ni kama kosa ni la umeme kweli. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiingia tangini kupitia kifuniko kibovu huzama chini, yakateremka mpaka katika bakuli la kabureta, na injini ikakohoa na kufa kwa namna isiyotofautika na ile ya plagi iliyolowa. Skrubu moja ya chini ya kabureta ikilegezwa juu ya kiganja, shaka hiyo hukatwa mara moja: matone ya maji yatajitenga na petroli mbele ya macho. Pia alichomoa waya wa swichi ya kuzimia injini, kwa sababu katika pikipiki nyingi swichi hiyo huua cheche kwa kuipeleka arthi, na ikiingiwa na maji huweza kufanya kazi hiyo bila ya kuamriwa.

Upande wa umeme mdogo, yaani wa betri na taa na honi, unyevu hutenda kwa polepole zaidi, na madhara yake huonekana kuwa uzee. Taa ya mbele hufifia, honi hupoteza sauti, indiketa husita, betri hufa kabla ya wakati wake, na mwenyewe hudhani kwamba chombo kimechakaa. Lakini fikiri juu ya ungio moja tu lililoota kutu na kupata ukinzani wa nusu ya omu, kiasi ambacho ni kidogo mno hata kikaonekana si kitu: taa ya wati 35 huvuta takriban ampea 3, na mkondo huo ukipita katika ungio lile hupotezea humo volti moja na zaidi, zikageuka joto, na mwanga wa taa hupungua kwa kiasi kikubwa kuliko upungufu wa volti zenyewe. Mpanda pikipiki anayeshuka kuelekea Kericho usiku, katika ukungu, nyuma ya malori, hukosa mwanga huo kwa sababu ya kutu isiyozidi ukucha. Sioni kuwa ni jambo dogo.

Na hapa chombo cha kupimia chaweza kumdanganya mtu mwaminifu. Mita ya umeme, ikiulizwa katika soketi ambayo taa yake imechomolewa, huonyesha volti 12 kamili hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja wa shaba usiooza. Kwa kuwa mita haivuti mkondo wa kutajika, na mkondo usipopita, ukinzani haudhihiriki. Mafundi wa kale wa barabarani, ambao hawakuwa na mita, walikuwa na balbu ya zamani iliyofungwa nyaya mbili, nao wakiigusisha hapo balbu hukataa kuwaka au huwaka nyekundu hafifu, na ukweli ukajulikana. Mita ni chombo chema, nami nataka kila banda liwe nayo, ila itumiwe wakati taa inawaka na honi inalia, ncha moja upande huu wa ungio na ncha ya pili upande ule, ili ieleze ni volti ngapi zinazopotea katikati. Balbu ile ya nyaya mbili nayo isitupwe kwa sababu mita imenunuliwa.

Vita hivi vya waya na maji si vigeni, wala havikuanza kwa pikipiki. Vilikuwa miongoni mwa vita vya kwanza vya umeme katika dunia. Mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash, waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hata Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban, na habari iliyokuwa ikisafiri kwa majuma ikasafiri kwa dakika. Uliwezekana kwa sababu ya gata-pacha, utomvu wa miti ya Malaya uliofunikizwa juu ya shaba ili maji ya chumvi yasiifikie. Miaka ishirini na moja kabla ya hapo, waya wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki, baina ya Uropa na Marekani, ulikuwa umefanya kazi majuma machache tu ukafa. Na katika sababu zilizouua ni kwamba Wildman Whitehouse, msimamizi wa umeme wake, alipoona ujumbe unapita kwa udhaifu, aliuongezea volti nyingi sana akidhani nguvu itaushinda udhaifu, kumbe kihami kibovu kikitiwa nguvu zaidi huzidi kupasuka. Wahandisi waliomfuata walijifunza kukaa pwani na kupima ukinzani wa waya, wakakadiria kwa hesabu kosa liko umbali gani baharini, ndipo meli ikatumwa mahali hapo kuuinua. Nazitaja habari hizi kwa kuwa kosa la kuongeza nguvu, na lile jingine la kuvua waya mzima bila kupima, nayaona kila wiki kando ya barabara yetu: yupo anayepiga kiki mpaka plagi ikalowa petroli juu ya kulowa maji, na yupo anayefumua waya wote wa pikipiki kwa kosa lililoko katika soketi moja, ambalo angelipata kwa kuanzia katikati na kuuliza ni upande gani umeme unakoishia.

Hasara ya kukosea ni kubwa kuliko inavyosemwa. Sidiai mpya, hata ile ya bei nafuu isiyotoka kwa mtengenezaji wa pikipiki yenyewe, ni fedha ambayo mwendeshaji aliikusudia kwa karo au kwa deni la pikipiki; na kwa kuwa imefungwa saa sita ya mchana mkavu, pikipiki huwaka, fundi husifiwa, na sidiai ya zamani iliyo nzima hutupwa. Alfajiri ya tatu au ya nne yenye ukungu, ugonjwa hurudi. Hapo hununuliwa koili. Kisha magineti hufungwa waya upya. Nimewajua vijana waliokwisha kuibadilisha nusu ya pikipiki kwa njia hii, kifaa baada ya kifaa, ilhali soketi waliyorithi tangu siku ya kwanza imekaa na kutu yake ikipokea kila kifaa kipya na kukiharibia kazi. Dhulma hii haina mdhalimu mmoja wa kushikwa. Fundi hakukusudia kuiba, muuza spea aliuza alichoombwa, na kijana alilipa kwa hiari. Kilichokosekana ni desturi ya kulitafuta kosa katika saa yake.

Kinga pia imezungukwa na dhana. Zamani sidiai na soketi zilifungwa kwa mifuko ya plastiki, na baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, watu wengi walirudia vipande vya mpira wa tyubu na utepe wa mafundi wa umeme. Mpira ni bora kuliko mfuko, lakini kila kifungacho njia ya maji kuingia hufunga pia njia ya maji kutoka, na soketi iliyozungushiwa utepe ikiwa na unyevu ndani yake huoza upesi kuliko iliyoachwa wazi. La kwanza ni kukausha, la pili ni kusugua kwa msasa laini, la tatu ni kupaka mafuta mgando kidogo, na kufunika huja baada ya hayo, tena kwa kuacha uwazi upande wa chini. Waya nao upindwe ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone lifikalo pale chini lidondoke badala ya kufuata waya mpaka ndani. Maarifa hayo mafundi wa umeme wa nyumba huyatumia kila siku, na sijui kwa nini hayakuhamia katika pikipiki. Lakini adui aliye mkali kuliko mvua ni ile mashine ya kuoshea kwa msukumo. Mvua hushuka kutoka juu, na pikipiki imeundwa kwa kuikumbuka. Mashine hupiga kutoka chini na kutoka ubavuni, kwa nguvu ipitayo kila mpira wa kuzibia, na kijana aliyeosha chombo chake Jumamosi jioni ili king'ae kanisani, Jumatatu hukilaumu kwa kutowaka.

Zinakuja sasa pikipiki za umeme mtupu, baadhi yake zikiunganishwa Nairobi, zisizo na plagi wala kabureta, na maungio yao makubwa hupigwa alama kama IP67, yaani vumbi haliingii kabisa, na maji hayaingii hata kifaa kikizamishwa mita 1 kwa dakika 30. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila alama hiyo hupimwa kifaa kikiwa kipya, na mpira wa kuziba huzeeka kwa jua, kwa mbolea na kwa kufunguliwa, wala alama haisemi lolote juu ya mwaka wa tano katika njia ya Chepseon.

Linabaki suala la malipo, ambalo naliona ndilo kiini cha uzito wote. Katika desturi yetu ya barabarani fundi hulipwa kwa kitu kilichobadilishwa, na mwenye pikipiki huuliza "umeweka nini?" kabla ya kutoa fedha, na fundi aliyekaa mpaka usiku, akanyunyiza maji, akaliona kosa na kulisafisha kwa sindano na msasa, hana spea ya kuinua mkononi ionekane. Kwa hiyo desturi humtuza abadilishaye na kumwadhibu atafutaye, kisha tukashangaa kwamba watafutaji ni wachache. Vyama vya waendesha bodaboda, ambavyo tayari huchanga kwa maziko, kwa hospitali na kwa kununuliana pikipiki kwa zamu, vyaweza kuligeuza jambo hili bila ya sheria yoyote: mwezi wa Februari, kabla ya masika kuingia, kila steji ichague fundi wake, pikipiki zipangwe kwa zamu, soketi zote zifunguliwe, zisuguliwe, zipakwe mafuta mgando, visima vya plagi vizibuliwe, na pikipiki yenye historia ya kukataa asubuhi ilazwe bandani mpaka alfajiri fundi aione mwenyewe. Vifaa vya kazi hiyo havifiki bei ya sidiai moja. Gharama yake ni saa za fundi, na saa hizo ziandikwe katika daftari la chama kwa jina hasa la malipo ya ukaguzi, mbali na bei ya spea yoyote.